Baiskeli Tupu

Katika duka lake la kutengeneza simu katikati ya Durban, Niyongabo aliiacha simu ya mteja wazi mezani, akainamia ramani ambayo mwalimu mmoja wa chuo, Mkenya wa mtaa wa Glenwood, alikuwa ameitandaza kwenye kaunta.

"Jumamosi, na baiskeli zetu, tunaanza na njia ya reli ya zamani, vyuma vilishang'olewa," mwalimu alisema. "Halafu tunateremka bondeni, tunapanda mlima huu."

"Kwa mlima huo, lori iko inapita saa ngapi?"

"Lori ya nini?"

Niyongabo akafunua kiganja cha kulia. Ngozi yake ilikuwa ngumu, inang'aa kama mpini wa jembe la zamani. Kule Burundi, kwa miaka sita aliteremsha ndizi kwa baiskeli kutoka milima ya Bugarama hadi Bujumbura, na kurudi alipanda akiwa ameshika nyuma ya lori kwa mkono huo.

Mwalimu akakitazama kiganja, akasahau ramani.

"Sasa sisi tutabeba nini?" Niyongabo akauliza.

"Maji tu."

"Na kule mwisho, nani anatupokea?"

"Hakuna mtu. Tunazunguka, tunarudi pale pale."

Niyongabo akapitisha kidole juu ya mstari mwekundu, ukamrudisha alipoanzia. Akaupitia tena, polepole, asije akawa amekosea. Maisha yake yote hakuwahi kuteremka mlima na baiskeli tupu.

"Mwalimu," akanong'ona, kama mtu aliye kanisani, "bila mzigo, hiyo kitu si itaruka?"