Kurasa Zilizoshonwa

Bi Liu, fundi cherehani, alipofungua kitabu chake cha mazoezi ya Kiingereza, Sihaba, jirani yake wa dawati katika darasa la jioni, alishangaa. Kurasa za majibu zilikuwa zimeshonwa pamoja kwa uzi mwekundu.

"Bibi, mbona umejizibia njia?"

"Mwanangu, mkono wangu huu mwizi," Bi Liu akacheka. "Kesho mjukuu wangu anapiga simu kutoka ng'ambo, mara ya kwanza, na Kichina hakijui. Nimwambie asubiri nichungulie majibu?"

Sihaba, akimnyonyesha mwanawe, alimtazama kwa heshima Bi Liu akijaza nafasi zilizoachwa wazi, akifuta, akijaza tena. Ikabaki moja. Bi Liu akaweka kalamu chini, akafumba macho, na midomo yake ikaanza kumjibu mtu asiyekuwapo.