Mzee Kuttappan Mbele ya Pazia

Wewe unayesikiliza, umewahi kumwona mpishi aliyepika miaka arobaini bila kuonja chungu chake? Basi Mzee Kuttappan ndiye huyo. Miaka arobaini na mmoja alikaa nyuma ya pazia la hekalu akichezesha vivuli vya vikaragosi vya ngozi, na usiku ule ndipo alipoketi mbele yake kwa mara ya kwanza, juu ya mkeka, magoti yote mawili yamefungwa majani yaliyochovywa mafuta ya moto.

Magoti ndiyo yaliyomponza. Nyumba ya vivuli ina ngazi saba, naye ngazi ya kwanza tu ilimtoa machozi. Kwa hiyo kiti cha pulavar, bwana wa beti, kikakaliwa na mwanawe Sahadevan, ambaye miaka yote kazi yake ilikuwa kuitikia tu. Mzee alimwachia kwa shingo upande. Alikwisha kuapa mbele ya mkewe kwamba atamsikiliza usiku mmoja, na akiona hawezi, asubuhi atakwenda kuwaambia wazee wa hekalu kuwa ukoo umefika mwisho, sanduku la vikaragosi lifungwe. Afadhali Bhagavati, mungu wa kike wa hekalu, akose hadithi kuliko kusimuliwa ovyo.

Maana mtazamaji ni Bhagavati mwenyewe. Vita vya mfalme wa vichwa kumi vilimpita, kwa kuwa siku hizo alikuwa na vita vyake, ndiyo sababu husimuliwa upya kila mwaka. Binadamu wakija, ni heri. Usiku ule walikuja mbwa mmoja na Mzee Kuttappan.

Tangu mchana alikuwa amenuna. Sahadevan na mama yake, Devayani, walishinda wakipekua sanduku la chini ya kitanda, na alipouliza wanatafuta nini, Devayani akasema leso, ingawa leso ilikuwa shingoni mwa mwanawe, imezungushwa mara mbili. Sahadevan mwenyewe hakutoa neno. Alikunywa uji wake wa mchele, akaulizwa hili na lile, akajibu kwa kichwa. Mzee akajisemea kwamba huyu kiti hajakikalia, tayari hasemi na watu.

Taa ishirini na moja za vifuu vya nazi zikawashwa, Chathu mpiga ngoma akaigonga yake, spika ikakwaruza kidogo, na sauti ikaanza.

Ubeti wa kwanza mzee aliuvumilia. Wa pili akaanza kuhesabu makosa kwa vidole. Pumzi fupi. Maneno yanaburutwa kama mtu atafutaye kiatu gizani. Mfalme wa vichwa kumi ananguruma kama ng'ombe aliyemeza kifuu. Halafu kile kikohozi cha kila mwisho wa ubeti, kikohozi cha mla tambuu, na Sahadevan tambuu hajaionja maishani mwake.

"Anaiga wazee," akanung'unika. "Sauti hana, ameazima kikohozi."

Devayani akaja na chai. Akamwekea kikombe, akaketi, akasikiliza kichwa kikiwa kimeinama upande, kama alivyokuwa akifanya enzi za uchumba.

"Leo ni kama zamani," akasema.

"Zamani ipi, mama Sahadevan? Zamani watu waliimba."

Devayani akaubana mdomo kwa upindo wa nguo yake.

Ikafika hesabu ya majemadari wa nyani. Ni kumi na wawili. Sauti ikataja kumi na mmoja, ikakohoa, ikapita. Mzee akainuka mzimamzima, magoti yakamrudisha mkekani. Jina la yule wa kumi na mbili mzee alimfundisha mwanawe kwa fimbo, na hata alama bado ipo.

"Anayeimba hivi," akamwambia mkewe, "asipewe hata chupa ya mafuta ya taa zile aibebe. Asubuhi nakwenda hekaluni."

"Una hakika, mzee wangu?"

"Masikio haya hayajadanganywa na mtu."

"Basi ngoja nimwite umwambie mwenyewe."

Vivuli vilikuwa vimetulia. Vikaragosi vilikuwa vimechomekwa kwenye pazia kwa miiba, vikasimama kimya kama ilivyo kawaida maelezo yakiwa marefu. Devayani akaenda akagonga ubao wa ngazi. Sahadevan akashuka taratibu, leso shingoni, akaja akaketi mkekani kando ya baba yake.

Nyuma ya pazia sauti ikaendelea kueleza, ikakohoa.

Mzee akalitazama pazia. Akamtazama mwanawe. Akalitazama pazia tena.

"Sauti imenikauka tangu alfajiri, Baba," Sahadevan akanong'ona, na mnong'ono wenyewe ulikuwa kama karatasi inayochanwa. "Na hadithi haikatizwi. Hiyo ni kanda ya sauti yako, iliyorekodiwa mwaka wa mafuriko."

Sauti yake mwenyewe ikakohoa mara mbili zaidi, na Mzee Kuttappan akatema tambuu yake kando ya mkeka.

"Basi hata chupa ya mafuta nisipewe," akasema. Kisha akakisukuma kikombe chake cha chai mbele ya mwanawe. "Kunywa, ulainishe koo. Kesho nataka nikusikie wewe."