Tundu Ukutani kwa Bi Mize

Mnaipita nyumba ya jirani yenu Tatu mmegeuza shingo, giza lake mnaliona. Taa za tyubu zimepigwa marufuku kwa zebaki yake, na wakaguzi wa taa humpa LED mpya yule tu aliyerudisha tyubu yake ikiwa nzima. Ya Tatu ilipasuka, akaifagia akaitupa. Sasa fundi cherehani huyu wiki nzima hajashona jioni.

Leo magharibi ukuta wa upande wa jirani uligongwa, tofali likadondoka, mwanga mweupe wa LED ukamwagikia cherehani.

“Shona, mwanangu,” jirani yake Bi Mize alisema tunduni. “Ila usiniimbie, sauti yako naijua.”

Tatu alicheka huku akifuta machozi. “Ahsante, mama. Na wakaguzi?”

“Wakisikia, kesho watakuja na saruji walizibe tundu. Wewe shona leo.”

Nanyi wenye taa mnangoja nini? Shikeni nyundo, mtoboe kuta zenu leo, saruji yao isitoshe.