Kiti cha Mama Tusekile

Kila asubuhi ya kipupwe, nyumba yetu ya magurudumu hupima uzito kwenye viti vyake viwili. Asiyekuwa kitini saa moja kamili huhesabiwa marehemu, na joto lake hukatwa. Sisi wastaafu wa kambi hii ya Makete tumeshaizoea sheria hiyo.

Jana jirani yetu alifiwa. Mke wangu, Mama Tusekile, alirudi kutoka huko alfajiri ya leo, na kwa mazoea ya msibani akaketi chini mkekani. Usingizi ukampitia.

Saa moja ilipokaribia, nilimwita mara tatu kutoka kitini kwangu. Kunyanyuka kumwamsha niliogopa.

Alishtuka, akarukia kiti chake. Alichelewa kidogo tu.

"Nipo jamani!" aliiambia nyumba.

Ilikata joto lake. Iliniambia mimi, kwa upole: "Pole sana na msiba, mzee. Wabeba jeneza wameshafika mlangoni."