Mkono Unaosikia

Mkono wa bandia wa Sikudhani uliletwa kwa Bi Mwanaidi, mchoraji hina, ukiwa umefungwa kwenye khanga. Asubuhi nzima Bi Mwanaidi aliuchora maua ya piko, huku akiusemesha kama shoga yake. Adhuhuri Sikudhani, bibi harusi mwenyewe, akaja kuuchukua.

"Taratibu, Bi Mwanaidi, usiubane," alisema. "Wameutia vifaa vipya. Siku hizi mkono huu unasikia."

Kijiti cha piko kikamponyoka Bi Mwanaidi. "Unasikia... kila kitu?"

"Kila kitu. Na habari yote inanifikia mimi."

"Nisamehe, mwanangu!" Bi Mwanaidi alijishika kichwa. "Yale ya mama mkwe wako nilikuwa napiga porojo tu. Kwamba sukari huifungia kabatini, na ufunguo anaulalia. Kwamba yule mke wa kwanza wa mwanawe alikimbilia kwao bila viatu..."

Sikudhani alikuwa akizungumzia kuguswa: kubanwa, kupapaswa, joto la kikombe cha chai. Lakini hakumsahihisha. Aliuvaa mkono wake polepole, akakaza mikanda, kisha vidole vyenye maua vikamshika Bi Mwanaidi kifundo cha mkono, kwa upole, kama daktari.

"Mke wa kwanza?"

"Ni hayo tu, mwanangu. Mengine siyajui, wallahi!"

Sikudhani alifumba macho, akatulia.

"Moyo wako nausikia unakwenda mbio, Bi Mwanaidi. Hebu anza upya."

Na piko, ambayo ilikuwa bado mbichi, ikaanza kumchora Bi Mwanaidi.