Usiambie Mama

Mama aliushika mfupa kwa mikono miwili, akanyonya uboho kwa sauti iliyosikika hadi uani. Mafuta yalimtiririka mpaka kwenye viwiko, yakadondokea shuka.

Esnah, bintiye, alibaki amesimama kando ya kitanda. Kwa miaka arobaini hakuwahi kumwona mama yake akila mfupa. Mama alikuwa mtu wa kumega ugali kidogo na kusema ameshiba. Ndiye aliyempiga Esnah vidole kwa mwiko, siku alipolamba mchuzi mbele ya wazee waliokuja kumposa.

"Msichana hali hivyo!"

Kwa miaka mingi Esnah alimwekea kinyongo kwa mwiko ule.

Tangu ugonjwa wa kusahau umwingie, Mama alikuwa akikataa uji, chai, hata maziwa. Asubuhi hiyo Esnah alinunua mifupa mjini Litein akachemsha supu, akitumaini angalau atakunywa vijiko viwili.

"Ni tamu, Mama?"

Mama akashtuka. Akauficha mfupa mgongoni.

"Usiambie mama," akasihi. "Jana amenichapa sababu ya hii. Angalia vidole zangu. Tafadhali, dada."

Esnah akaishika ile mikono iliyochuma majani chai maisha yote, akaitazama kidole kwa kidole, kana kwamba alama zingekuwepo bado.

"Sitasema," akajibu.

Mama akatabasamu. Akachagua kwenye bakuli mfupa ulionona kuliko yote, akamsukumia mkononi.

"Kula haraka," akanong'ona, "kabla hajarudi."