Mgongo wa Kuazima

Jumamosi, zamu ya karani Fahardine kulima ilipofika, aliyevaa kofia ya Fahardine na kushika jembe alikuwa Boina, mpagazi aliyeletwa Mutsamudu juzijuzi pamoja na wakimbizi kutoka Madagaska. Fahardine mwenyewe alilala kifudifudi kitandani, mkewe Hakima akimkanda kiuno kwa mafuta ya nazi.

"Ukiulizwa jina?" Fahardine alimpima.

"Fahardine, karani," alijibu Boina.

"Basi nenda. Na usiseme sana."

Lo, mgongo ule! Ulianza tangu enzi za Wafaransa, kutwa kucha amejikunja juu ya taipureta. Daktari alimwambia wazi: "Usikae mno. Simama, jinyooshe, tembea. Ukipata shamba, lima, ndiyo dawa yako." Fahardine alitoka pale amenuna kama aliyetukaniwa mama. Yeye, aliyefunga ndoa kuu kwao Badjanani, Moroni, akachinja ng'ombe na kulisha mji mzima, ashike jembe mbele za watu? Thubutu!

Lakini serikali ya mapinduzi ilikuwa imepiga marufuku ndoa hizo za fahari, na ofisi zikashikwa na vijana wa shule. Amri yao ilikuwa fupi: karani asiyelima, kazi hana. Na Fahardine aliitaka sana kazi hiyo, maana alikuwa ameomba uhamisho arudi Moroni, apite vichochoro vya kwao kichwa juu, wakwe wamwamkie kwa heshima yake. Hapa Mutsamudu, kisiwani Ndzuani, alikuwa mgeni tu. Mashambani huko juu ya Mirontsy, nani angemjua?

Jioni Boina alirudi anacheka.

"Bwana, wamekusifu kweli! Wanasema mgongo kama wako hawajapata kuuona."

Fahardine akavimba kichwa, utadhani jasho lilikuwa lake. Hata ofisini akaanza kuwahubiria wenzake. "Mnakaa mno, ninyi! Inukeni! Dawa ya mgongo ni jembe, jamani, nitazameni mimi!" Akishasema hayo hujishika kiuno, akajishusha taratibu juu ya mito yake miwili.

"Baba Nafissa, mdomo huo utakuponza," Hakima alimwambia.

"Wivu tu," alijibu.

Mara akaitwa kwenye Kamati ya mji. Nyuma ya meza aliketi Hassanati, binti ambaye mwaka jana tu alikuwa akichapwa kwa kutojua hesabu.

"Ndugu Fahardine! Ndiyo kwanza nakuona, lakini sifa zako zimenifikia. Wewe ndiye uliyeomba Moroni?"

Moyo ukampiga. "Ndiye mimi, mwanangu... yaani, ndugu."

"Vijana wa Mirontsy hawataki kukuachia. Lakini nimekubali. Boti inaondoka kesho."

Fahardine nusura ambusu mikono. Aliinama kushukuru, kiuno kikalia ko, wala hakujali. Moroni! Alishaanza kuona watu wakimpisha njia pale msikitini.

"Alhamdulillahi," alisema, machozi yakimlenga. "Na nitakaa ofisi gani?"

"Ofisi?" Hassanati akacheka. "Mgongo kama huo tuuozeshe kitini? Tumefungua shamba la mfano Mvouni, mlimani juu ya Moroni, kando ya barabara. Utalima kila siku, na watu wa Badjanani tumewaamuru wapande huko kwa zamu waje wajifunze kwako. Wakwe zako ndio wa kwanza."